Namba Mbili za Moyo wa Kabula

Kijana mmoja daktari alinipigia simu kutoka hospitali kubwa ya jijini. Alinisalimu vizuri sana, shikamoo mama, marahaba, habari za Tunduma, nzuri, kisha akaniuliza kwa unyenyekevu:

"Samahani mama, hii KUKU mliyompa mtoto, dozi yake ilikuwa kiasi gani?"

"Mwanangu, sijakuelewa."

"Ripoti yako, mama. Imeandikwa, MTOTO AMEPIMWA AKIWA AMETULIA, KUKU AKIWEPO. Tumeitafuta KUKU kwenye kitabu cha dawa, hatuioni. Mwenzangu anasema huenda ni dawa mpya ya usingizi, imeingia kutokea Zambia."

"Ni kuku," nikamwambia. "Kuku wa kufuga. Mtetea. Mwekundu."

Halafu nikamsikia akimwambia mwenzake pembeni, "Anasema ni ile nyekundu."

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kupima mioyo ya watoto kwa eko, mnakuja hapa kwangu na swali lilelile. Mnasema, mama Tusekile, sisi tumepima mtoto mwenye valvu nyembamba, tumepata namba. Amekwenda kuwekewa katheta, amerudi na namba nyingine, ndogo. Nani mwongo? Swali hilo siwezi kulijibu bila kumtaja Kabula, baba yake na kuku wao. Kwa hiyo kaeni vizuri. Chai ipo, na mihogo ile ya kuchemsha msiiogope.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Valvu ya moyo, ule mlango wa damu, ikiwa nyembamba, damu inapita kwa kasi, kama maji ya mpira wa bustani ukiubana mdomo kwa kidole. Sisi wa eko hatuigusi damu. Tunaweka ile probu, kile kipimio cha mawimbi ya sauti, juu ya kifua, tunasikiliza kasi, na mashine inafanya hesabu: kama kasi ni hii, basi tofauti ya presha kati ya upande huu wa valvu na upande ule ni hii. Wenzetu wa katheta wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, wanaupandisha hadi ndani ya moyo, wanapima presha yenyewe, nyuma ya valvu na mbele yake. Ikiwa tofauti ni kubwa, mtoto anafunguliwa valvu kwa puto. Ikiwa ndogo, anasubiri na kuangaliwa. Ndiyo maana namba si mchezo. Namba ikikosea, mtoto anasubiri wakati hana muda wa kusubiri.

Kliniki yetu ilikuwa Tunduma, ukitoka barabara kuu hatua chache tu. Mnaijua foleni ya malori ya mpakani. Lori likisogea mita mbili linapiga honi, la nyuma linaitikia, mpaka Nakonde, upande wa Zambia, wanasikia. Mimi ni Mndali wa Ikinga, nimekulia milimani Ileje ambako kelele kubwa ilikuwa mvua, kwa hiyo mwaka wa kwanza kila honi ilinirusha. Watoto nao zilikuwa zinawarusha, na mtoto akiruka moyo unakimbia, na moyo ukikimbia namba inapanda. Daktari Simbeye, mkuu wetu, aliyenifundisha eko nikiwa tayari mtu mzima na miwani, alikuwa anasema, "Dada Tuse, subiri lori lipite." Tulikuwa tunakaa na mtoto kitandani, probu kifuani, tunasubiri lori la shaba lipite ndipo tupime moyo. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu chochote.

Jingine ambalo hamtalikuta ni jeli. Mwezi wa sita na wa saba Tunduma ni baridi ya kukata masikio. Jeli ile ukimpaka mtoto kifuani ni kama umemwekea chura. Mimi chupa yangu ilikuwa inakaa kwapani, ndani ya sweta, tangu asubuhi. Wagonjwa walikuwa wakiona natembea mkono mmoja umebana, wanadhani nimepooza, wananipa pole. Nilikuwa naipokea. Ipokeeni na nyinyi, maana kumweleza kila mtu habari ya chupa ni kazi ndefu.

Sasa, Kabula aliletwa na baba yake kutoka Ivuna, kule Momba bondeni kwenye chumvi. Ni Wasukuma, walihamia kule na ng'ombe wao kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikuwa na miaka saba lakini mwili wa mitano. Alikuwa akienda na wenzake kwenye chumvi, anaachwa nyuma, anachuchumaa njiani midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Mwalimu wake alimrudisha nyumbani akisema anaogopa atamfia darasani. Baba yake, mtu mrefu, mwembamba, kofia pana na fimbo, alikuja na kuku kwenye kikapu akiwa amemkusudia daktari kama zawadi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia Kabula.

Kuku yule alikuwa na jina. Aliitwa Meneja, kwa jinsi anavyotembea kati ya vyungu vya chumvi kifua mbele, anakagua. Daktari Simbeye aliponyoosha mkono kupokea kikapu na kusema asante sana baba, Kabula alipiga kelele ambayo ilinyamazisha malori.

Nilijaribu kumpima hivyohivyo, analia. Namba ikaruka ikaenda mia na kitu. Nikaacha. Nikajaribu pipi, nikajaribu simu yenye katuni. Hakuna. Mwishowe baba yake, ambaye kwa Kisukuma chake aliniita mama, akasema, "Mayu, mpe tu kuku wake, tutaonana vibaya hapa."

Nikamweka Meneja kitandani, juu ya shuka, karibu na mkono wa mtoto. Kabula akaweka kiganja juu ya mgongo wa kuku, akavuta pumzi ndefu, akatulia kama maji ya mtungini. Kuku naye akafumba macho. Nikapima. Nikageuza probu, nikapima kutoka upande mwingine, maana ukiielekeza mshazari na mkondo wa damu unapata kasi ya uongo, ndogo kuliko ilivyo. Nikapima tena chini ya mbavu. Kila upande namba ilikuwa ileile karibu: sabini na mbili.

Daktari Simbeye alinifundisha kuandika hali ya mtoto kila wakati: analia, amelala, ananyonya, ana homa. Mimi nikaandika nilichokiona. Mashine yetu ilikuwa haina herufi ndogo.

Kosa alilifanya Daktari, naye mwenyewe alikuwa akilisimulia hadi anastaafu. Alimgeukia baba mtu akasema kwa sauti, "Sabini na mbili! Hiyo ni kubwa, mzee." Basi. Baba Kabula alirudi Ivuna kufunga mizigo, namba ikatangulia mbele yake. Ukoo mzima ukaipokea. Masanja ndilo jina la Baba Kabula, basi ikawa, mtoto wa Masanja ana sabini na mbili.

Wakaenda jijini, ndiko ile simu ya KUKU ilikotokea. Huko Kabula akalazwa usingizi vizuri, mrija ukaingizwa, wakapima. Thelathini na nane. Wakasema ni ya wastani, arudi nyumbani, aangaliwe, aje tena baadaye.

Baba Kabula alipokuja kutuaga akielekea Momba alikuwa na uso wa mtu aliyeokoka.

"Mayu, ugonjwa umepungua njiani," aliniambia.

"Njiani wapi, Baba Kabula?"

"Tumetoka hapa na sabini na mbili. Tumefika kule thelathini na nane. Basi lilitikisika sana pale kwenye kona za mlima Kitonga. Mimi nadhani ilidondokea pale."

Daktari Simbeye akavua miwani. Akamtazama Kabula, ambaye alikuwa ametembea kutoka getini hadi mlangoni tu na tayari amekaa chini, anahema, midomo ileile ya zambarau, kuku mapajani.

"Mzee," akasema polepole, "haijadondoka."

Baba Kabula akafikiri. "Sasa daktari, mimi nyumbani nitasema nini? Shemeji zangu hawataki kushuka chini ya sabini. Wao ndio waliotangulia kuisikia. Na ndugu zangu wa upande wangu wanasema hospitali kubwa ndiyo yenye haki, kwa hiyo thelathini na nane. Jana kwenye simu wamenuniana. Nikawaambia jamani, mnadani watu wakishindwana wanakutana katikati. Tuseme hamsini na tano. Sasa naomba uniandikie hiyo hamsini na tano, ugomvi uishe."

Nilimwona Daktari Simbeye anang'ata mkono wa miwani. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, lakini siku ile alichukua simu akampigia daktari wa katheta, Daktari Rweyemamu, na kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka alikuwa akiongea kwa spika. Kliniki nzima ilisikia.

"Ndugu yangu, mtoto huyu amebanwa. Anachuchumaa mbele yangu hapa."

"Na mimi nimeingia mpaka ndani ya moyo wake, ndugu yangu," akajibu Rweyemamu. "Sijasimama dirishani kuchungulia kama nyinyi. Eko inazidisha, kila mtu anajua."

"Eko haizidishi! Umempima mtoto kama gunia, amelala fofofo, moyo umepoa..."

Lori likapiga honi. Wakanyamaza wote wawili.

"Katheta," akaanza tena Rweyemamu, "ndiyo kipimo cha..."

Lori la pili.

"...ndiyo kipimo cha kuaminika tangu..."

La tatu, lile refu linaloanza chini na kupanda.

"Hicho ni kitu gani?" akauliza Rweyemamu.

"Lori."

"Kwa hiyo mlimpima mtoto na hayo malori?"

"Tulisubiri yapite," akasema Daktari Simbeye kwa heshima yake yote. "Na kuku alikuwepo."

Kisha tukasikia kitu ambacho mwanzoni tulidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akaomba radhi. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine.

"Anachuchumaa kweli?"

"Namwona hapa."

"Midomo?"

"Zambarau."

"Basi namba yangu ina jambo," akasema. "Na yako inaweza kuwa na jambo. Nilipima siku nyingine, hali nyingine, wewe siku nyingine. Mlete tena. Mlete na mpimaji wako na mashine yake. Tutapima wote wawili mtoto mmoja, dakika moja, tuone. Ila kuku abaki."

Hilo la mwisho lilikuwa rahisi kulisema kutoka jijini. Kabula aliambiwa kwamba Meneja atabaki kwetu, atakula vizuri. Alifunga mdomo, akashika nguzo ya kibaraza, na hakuiachia. Kumbembeleza mtoto wa aina ile ni hatari, akilia sana anaishiwa pumzi, na aliwahi kuzimia kwa kulia. Daktari Simbeye alizunguka ile nguzo mara kadhaa mikono nyuma. Akasema, "Mkatie kuku tiketi." Kisha akaenda kuomba likizo yake, akasema na yeye anakwenda, hawezi kuikosa.

Kwa hiyo tulisafiri: mimi na mashine ya eko mapajani, Daktari kwenye siti ya mbele na Biblia yake, Baba Kabula, Kabula na Meneja. Pale Kitonga Baba Kabula alimshika mtoto kwa mikono miwili kona zote. Aliogopa isije ikadondoka tena kabla hatujapima.

Mlinzi wa geti la hospitali alikuwa mtu wa sheria. Aliangalia kikapu. "Huyu ni nani yake mgonjwa?" Baba Kabula akajibu bila kusita, "Ni wa mtoto." Mlinzi akaangalia utaratibu wake, akakuta wanaruhusiwa wageni wawili kwa mgonjwa, na wa pili alikuwa bado hajaingia. Akamvalisha Meneja kitambulisho cha mgeni shingoni.

Ndani tulikutana na Sista Mwanaidi, aliyekuwa anasimamia usafi wa eneo la katheta. Huyo mama ningetamani mpate wa namna yake kila mahali mtakapofanya kazi. Alisimama kwenye ule mstari mwekundu wa sakafuni na kusema kuku hatavuka. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nikamweleza habari ya kulia, ya kuzimia, ya moyo kukimbia. Alisikiliza yote. Akamtazama Kabula, ambaye alikuwa amemkumbatia kuku na anatetemeka.

"Chumba cha upasuaji haingii hata kwa mbinu," akasema Sista. "Lakini korido hii ina kioo. Mtoto akilala kitandani anaona korido. Kuku atakaa upande wa huku, kwenye kikapu cha plastiki nilichokisafisha mwenyewe, na baba wa mtoto amshike."

"Asante sana, Sista."

"Sijamaliza. Hakuna mguu unaopita korido hii bila mfuko wa kiatu."

Tukadhani anatania. Alichukua mifuko miwili ya bluu ile ya kuvalia viatu, akaikata ikawa midogo, akamvalisha Meneja mguu mmoja, kisha wa pili, akafunga kwa bandeji. Kuku alinyanyua mguu, akauangalia, akaushusha. Akatembea hatua chache kwa kishindo kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Hapo ndipo Kabula alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue, na akakubali mwenyewe kusukumwa ndani kwenye kitanda, shingo imegeukia kioo.

Madaktari wawili walikutana mlangoni. Kwa ukali waliokuwa nao kwenye simu kila mmoja alitegemea mwenzake awe jitu. Wote wawili walikuwa wafupi. Walishikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Daktari wa usingizi alimpa mtoto dawa nyepesi, kidogo tu, alale lakini asizame, kama Rweyemamu alivyotaka. Mrija ukapanda. Mimi nikajibanza upande wa pili nimevaa lile aproni la madini ya risasi la kukinga mionzi, lenye uzito wa debe la mahindi, probu yangu kifuani, chupa ya jeli imetoka kwapani muda huohuo. Skrini mbili, moja ya kwake, moja ya kwangu. Mpigo mmoja wa moyo, sote tunautazama.

Yake: thelathini na tisa. Yangu: hamsini na moja.

"Umeona?" akasema Rweyemamu, lakini hakusema kwa ushindi. "Hata yako imeshuka. Usingizi."

"Lakini bado hatulingani," akasema Daktari Simbeye.

"Hatuwezi kulingana. Sikiliza." Na hapa, wanangu, andikeni, maana mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi na sikuwahi kusikia mtu akilieleza kwa urahisi hivi. "Mimi nachukua kilele cha presha nyuma ya valvu, halafu kilele cha mbele ya valvu, natoa. Lakini vilele hivyo havifiki pamoja, kimoja kinachelewa. Eko yenu inachukua ile nukta moja ya mpigo ambapo pengo ni kubwa kabisa. Ni maswali mawili. Yenu lazima iwe kubwa."

"Hiyo inaeleza kumi na kitu," akasema Daktari Simbeye. "Na ile iliyobaki mpaka sabini na mbili?"

Rweyemamu akafungua mdomo kujibu.

Wakati huohuo, koridoni, Meneja akataga.

Mnajua kuku akitaga anavyotangaza. Kwanza kwa chini, koo, koo, kama anahakikisha. Kisha akatoa yale makelele yake yote, akipigapiga mifuko ya bluu kwenye kikapu, na jengo lile lina mwangwi. Nilimsikia Baba Kabula akisema kwa nguvu, "Nyamaza wewe, uko hospitali!" Na Sista Mwanaidi akisema, "Mwache amalize."

Kabula akafumbua macho.

"Meneja ametaga," akasema, waziwazi, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa na habari njema. Akataka kuinua kichwa. Nesi akamshika bega kwa upole, tulia mama, tulia, tumesikia. Na moyo ukaanza kukimbia.

Niliziona skrini zote mbili. Yake ikatoka thelathini na tisa, arobaini na nane, hamsini na tano, ikavuka sitini. Yangu ikapanda pembeni yake, sitini, sabini, sabini na mbili, sabini na nne. Zilikuwa zinapanda pamoja kama watu wawili kwenye ngazi moja, mmoja daima mbele kidogo. Si mrija uliosema uongo wala si eko. Waliopishana ni mtoto aliyelala na mtoto aliye macho.

Daktari Simbeye hakusema nilikwambia. Nilimtazama kwa sababu nilijua lazima limemfika mdomoni, na hakulisema.

Rweyemamu aliangalia skrini mpaka mtoto alipoanza kutulia tena. "Hakuna mtoto anayekwenda shule akiwa amelala," akasema. "Hii ndiyo anayoishi nayo. Akifurahi tu inakuwa hivi. Leteni puto."

Daktari wa usingizi akaongeza dawa, Kabula akarudi usingizini akiwa anatabasamu.

Sasa puto, kwa ambao hamjaona: linaingizwa likiwa limenywea, linafikishwa katikati ya valvu, linajazwa. Likijazwa linaziba njia. Kwa sekunde zile damu haipiti. Presha ya mwili inashuka mbele ya macho yenu na hakuna wa kumlaumu, ndivyo lilivyo. Kwenye picha ya eksirei tuliliona puto limebanwa katikati, lina kiuno kama nyigu, pale ambapo valvu ilikuwa imekataa. Rweyemamu akajaza. Kiuno kikabaki. Mashine ikaanza kulia. Akajaza tena kidogo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifua cha mtoto na chini yake sikusikia kitu, nikajikuta nasali kwa Kindali, lugha ambayo sikuwa nimesali nayo tangu nikiwa mdogo kwa mama yangu.

Kiuno kikapotea. Puto likawa nene sawasawa. "Toa," akasema Rweyemamu, likanywea, na moyo ukagonga mkono wangu. Ukagonga tena. Presha ikarudi.

Tukapima. Yake kumi na nne. Yangu kumi na tisa.

"Hata hapa mnabishana," akasema nesi, na chumba kizima kikacheka kwa kelele ambazo naamini Sista Mwanaidi alizisikia na kuzisamehe.

Nilitoka mimi kumwambia baba mtu. Nilimkuta kwenye benchi, kikapu magotini, yai mkononi. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka tu. Hakuwa ameelewa kicheko. Alidhani ni kilio.

"Baba Kabula, mtoto mzima. Imefunguka."

Hakuniuliza ni ngapi. Alinipa yai, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe kitu. Baadaye alikuja bwana wa stoo kusema kwamba mayai yanayopatikana ndani ya eneo la hospitali yanapaswa kuandikwa, nami nikamwambia hili limeshaandikwa, akaridhika akaondoka.

Kwa hiyo mkiniuliza nani mwongo, nawajibu hivyo. Msigombane na watu wa katheta kwa sababu ya tofauti, muulizeni mwenzenu mtoto alikuwa katika hali gani alipompima, na nyinyi mwambieni alikuwa katika hali gani mlipompima. Pimeni kutoka pande zote. Msiitangaze namba kwa mzazi kabla hamjamweleza ni ya nini, maana mkiitupa itakwenda kugombanisha ukoo. Na mkiona mashine inasema mtoto ni wa wastani halafu mtoto mwenyewe amechuchumaa mlangoni, mtazameni mtoto kwanza. Siku hizi mna mashine ndogo zinazoingia mfukoni, zinaandika ripoti zenyewe. Sawa. Sijui kama zinajua kuandika kuku.

Miezi kadhaa baada ya hapo nilishuka Ivuna kumpima marudio, kazi ya mwisho kabla sijastaafu. Joto la kule bondeni si mchezo kwa mtu wa milimani, nilifika nguo zimelowa. Nilimpimia kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba, mjomba, shangazi na majirani wamesimama. Kumi na sita.

Baba Kabula akanivuta pembeni. Uso wake haukuwa wa furaha.

"Mayu. Kumi na sita tu?"

"Kumi na sita. Ni nzuri sana."

"Lakini alikuwa na sabini na mbili." Akaangalia nyuma kama wanatusikia. "Shemeji zangu wako pale. Watasema nimemchukua binti yao na sabini na mbili, nimemrudisha na kumi na sita. Huwezi kupima tena? Pengine hukubonyeza sawasawa."

Nikaona afadhali nipime tena kuliko kueleza. Nikageuka kumwita Kabula, lakini Kabula alishashuka kitandani. Alikuwa anakimbia. Anakimbia kwenye ile njia nyeupe ya kwenda kwenye chumvi, jeli inang'aa kifuani, watoto wengine nyuma yake, na hapunguzi. Nikamwita. Akageuka, akacheka, akaendelea. Nikamfuata na probu mkononi, waya unaburuzika, nikafika kwenye uzio wa ng'ombe nikakoma hapohapo, nimeshika magoti, nahema, kifua kinapiga mpaka masikioni.

Baba Kabula alinifikia taratibu, na fimbo yake, bila haraka. Alimtazama binti yake kule mbali, nukta tu sasa. Kisha akanitazama mimi, midomo yangu, namna ninavyohema, kwa jicho la mtu aliyezunguka sana hospitalini.

"Mayu," akasema, na kulikuwa na wasiwasi wa kweli kwenye sauti yake, "wewe yako ngapi?"